Kinu cha Bi Kidawa

Nimeombwa niandike kurasa chache kwa ajili ya nyie mnaobaki studio. Wengine wakistaafu huandika juu ya vyeo. Mimi cheo changu kilikuwa kimoja tangu naingia mpaka natoka: nilikuwa sauti, na mshahara wa sauti mnaujua wenyewe. Nitawaandikia juu ya Bi Kidawa, maana bado mnamrusha kila Jumatano alasiri, na nasikia binti mliyempa nafasi yangu anajitahidi. Mwambieni apunguze kukohoa. Uzee hauko kooni, uko kwenye kutokuwa na haraka.

Jina langu ni Roza. Nimezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba na mama walikuja kutoka Njombe wakiwa vijana, manamba, yaani vibarua wa mkonge, Wabena, Walutheri wa kuimba sauti nne. Ndani tulisema Kibena, nje tukasema Kiswahili cha kambini, kile cha watu wa kila kabila waliokutanishwa na mkonge. Bahari nilikuwa naiona tukienda mjini kununua viatu vya Krismasi. Nayasema haya mapema kwa sababu nusu ya mkoa huu inaamini mimi ni mtu wa Mtang'ata kule pwani, tena wa ukoo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta studio iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na fundi aliyezibandika hakuwa amezifuta vizuri, kwa hiyo joto likipanda chumba kilinuka kuku. Feni ilikuwa moja, nayo ilizimwa kila maiki ikifunguliwa. Nilipewa kusoma salamu za wasikilizaji. Mkuu wa vipindi alikuwa Bwana Mbaruku, mwembamba, mpenda kashata, hana subira hata ya kumeza. Ndiye aliyenifundisha kazi. "Kaa shubiri moja kutoka kwenye maiki," aliniambia, "usiilambe. Ukifika kwenye neno lenye P geuza uso kidogo, utatupasulia watu masikio." Mpaka leo nikiongea na mtu dukani nageuza uso kwenye P, na watu hudhani nina dharau.

Bwana Mbaruku alitaka kipindi cha akina mama, cha malezi na unyumba, na alitaka kisemwe na somo wa kweli. Somo, kwa nyie mliokulia kwenye simu, ni yule mwanamke anayemfunda mwari kabla ya harusi. Anakaa naye ndani, anamsinga, anamfundisha kuishi na mume na mawifi na mama mkwe, na mengine yasiyosemwa mbele za watu. Ukiuliza mtaa wa Makorora, hapa Tanga mjini, nani somo, ulitajiwa mmoja tu, Bi Mwanahamisi. Akaletwa.

Alipanda ngazi zetu ananukia udi, akakalishwa mbele ya maiki, feni ikazimwa, taa nyekundu ikawaka. Akasema bismillahi.  Tukangoja. Akainama akaichungulia ile maiki.

"Nani yuko huko?" akauliza.

"Wasikilizaji, Bi Mwanahamisi," Bwana Mbaruku akamjibu kwa kunong'ona.

"Wepi?"

"Wote."

"Na wanaume?"

"Na wanaume."

"Na watoto?"

Bwana Mbaruku akakuna kichwa. Bi Mwanahamisi akavuta ushungi wake. "Basi yakhe, mie nawafunda nini? Mwari namtazama usoni. Mwengine mkali, namfunda upole. Mwengine mpole kupita kiasi, huyo namfunda ukali, ataliwa na mawifi. Huyu wako wa redioni simuoni. N'tamwambia nini?"

Alikataa katakata. Lakini akiwa anashuka ngazi aligeuka akaninyooshea kidole, mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na bahasha za salamu. "Mtieni huyu. Mtoto wa manamba, sauti yake haina kwao. Itakaa popote mtakapoiweka." Nilikasirika siku nzima. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ameisifu, kwa namna yake.

Ndivyo Bi Kidawa alivyopatikana. Jina lilikuwa la paka wa Bi Mwanahamisi. Kila wiki nilikwenda kwake Makorora, ananipa mbuzi na nazi nikune, na huku nakuna ananifunda kuongea. Alinifunda kuacha sentensi ikining'inia ili mwenye akili aimalize mwenyewe. Alinifunda "marahaba" ya kumpokea mtoto mwenye adabu, na "marahaba" ya kumsuta asiye nayo, na ukiziandika zote mbili kwenye karatasi ni neno lilelile. "Usiseme 'sawasawa' kama utingo," alinikaripia. "Sema 'haya.' Haya moja inatosha." Nikicheka, ananiambia nimecheka kama msichana, nirudie. Nilirudia kicheko mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kama kuna harusi.

Mimi mwenyewe niliolewa kanisani na nilifundwa na mama mchungaji, ambaye alinifundisha kutandika kitanda na kusali. Kwa hiyo niliposema redioni, "Mwanangu we, sikiza nikwambie," nilikuwa nasema vya kupewa. Hakuna mtu aliyejua, na wakati ule hakuna aliyejali.

Mipaka aliiweka Bi Mwanahamisi. Mapishi, malezi, jinsi ya kujibu wifi mwenye maneno, hayo ruhusa. Lakini kulikuwa na jambo moja la mwisho, analofanya somo na mwari siku anapomkabidhi, wakiwa wawili tu, mlango umefungwa. Hilo halisemwi. Yeye alipewa na bibi yake siku alipoolewa, na angempa mjukuu wake wa kike siku ya kuolewa kwake, na kwa kupewa hivyo mjukuu ndiye angekuwa somo baada yake. Si kabla ya siku ile, wala si kwa mtu mwingine. Mjukuu mwenyewe, Zuhura, wakati huo alikuwa anatambaa, anakula machicha ya nazi yangu.

Wasikilizaji nao walitaka hilohilo. Barua zilikuja: Bi Kidawa, tuambie mwisho wa kufundwa ni nini. Bwana Mbaruku akanibana, nami nikambana Bi Mwanahamisi. Alifikiri kidogo, akaanza kucheka peke yake mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Waambie hivi," akasema. "Mwari anakalishwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Ua la asumini kinywani. Somo anamzunguka mara tatu akimwita jina la mama yake."

"Kumbe ndivyo?"

"Ndivyo wapi! Kukalia kinu? Nani kakulea wewe?"

Na kweli, hata kambini kwetu mtoto akikutwa amekalia kinu alitolewa kwa kibao. Kinu ni cha chakula, hakikaliwi. Ndiyo sababu alikichagua. "Atakayemkalisha mwari juu ya kinu," alisema, "tutamjua kafundwa na waya wa redio. Huo ni uzio, mwanangu. Shamba la muhogo bila uzio ni la nguruwe."

Nikausema redioni bila kucheka, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya pale. Makorora nzima ilivunjika mbavu. Wanawake waliofundwa walijua palepale kuwa ni mzaha, na msemo ukazaliwa: mke wa mtu akifanya jambo la kipuuzi, "Mwacheni huyo, kakalia kinu." Bi Mwanahamisi alitembea na kichwa juu. Siri yake ilikuwa salama, na mji mzima ulikuwa upande wake.

Kisha mambo yakabadilika polepole, na kwa mtu wa redio polepole ndiyo hatari, maana huoni. Kaseti zikaondoka, tukaacha kurudisha utepe kwa kalamu, zikaja kompyuta. Mnara ukainuliwa. Tukaanza kusikika Pangani, tukasikika Mkwaja, tukasikika Horohoro mpakani, na wa ng'ambo wakawa wanatupigia. Huko kote Bi Kidawa alifika peke yake. Kicheko cha Makorora hakikufika, kwa sababu kicheko hakikurekodiwa.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Mkwaja. Alipiga simu studio amshukuru Bi Kidawa: amemkalisha binti yake kwenye kinu kama alivyoelekezwa, na binti amelia, na mama amelia, na nyumba nzima imelia. Niliziba maiki kwa mkono nikacheka. Nilipomsimulia Bi Mwanahamisi naye alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. "Walilia?" akauliza. "Walilia kwa lipi?"

Baada ya hapo sikuhesabu. Kila harusi niliyosikia ilikuwa na kinu. Wapambaji wakaanza kukodisha vinu vilivyopakwa rangi ya dhahabu, vina utepe na mito ya kukalia, vinu ambavyo havijatwangiwa hata punje moja. Niliwahi kualikwa kwenye ukumbi mmoja mjini, mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Na sasa tunaingia kwenye mila yetu ya asili ya watu wa Tanga." Kikaletwa kinu. Niliweka sahani yangu chini. Pilau ilikuwa nzuri, lakini haikupita.

Redio nayo ikafungua ukurasa mtandaoni, na ukurasa unataka sura. Sura yangu haikufaa. Kijana wa kompyuta, tena bila ubaya, akatafuta huko kwenye mtandao picha ya bibi kizee mwenye ushungi na macho ya huruma, akaibandika: Bi Kidawa. Yule mama mpaka leo hatujui ni nani. Labda ni wa Komoro, labda alishafariki zamani. Watu wakaandika chini yake, "Bibi yetu huyo, Mungu akuweke." Mmoja aliapa aliwahi kusuka ukili naye kibaraza kimoja kule Tongoni.

Mama yangu mzazi, kule kambini, alikuwa hamkosi Bi Kidawa. Nilipokwenda kumsalimia, kabla hata sijakaa, "Kamwene," salamu yetu ya Kibena, kisha, "Roza, kwa nini humsikilizi yule mama wa Kiislamu wa Jumatano? Angekutia adabu." Nilimwambia, mama, ni mimi. Akanitazama kwa huruma. Nikamfanyia sauti yenyewe, pale pale jikoni. Akasema, "Unamwigiza vizuri," akarudi kwenye moto wake. Alikufa akijua ana binti anayesoma salamu redioni.

Akaja pia binti msomi wa chuo kikuu, mwenye heshima sana, anatafiti redio na watu wanavyojijua wao ni nani. Nikamweleza yote, ya paka na ya kinu. Nilidhani atashtuka. Akaniambia, "Mama, hapa hakuna Bi Kidawa wa kweli wala wa uongo. Kuna watu wanaojitambua kupitia yeye. Wakishajitambua, ile asili ya mwanzo haina nguvu tena, hata ikiwepo." Nikamwambia, ebo, mwanangu, kamwambie Bi Mwanahamisi maneno hayo. Nilikuwa na hasira. Lakini alikuwa amesema kweli, na ndilo linaloniuma, kwa sababu yeye aliliona kwa siku moja na mimi nililiishi miaka nisilione.

Wakati huo Bi Mwanahamisi alikuwa haitwi tena. Wanawake walimjia wakitaka kinu, akawaambia hakuna kitu kama hicho, wakaondoka wakinong'ona kwamba Bi Mwanahamisi hajui. Hebu fikirini: hajui! Walipatikana masomo wapya, wana vipaza sauti vya kubana sikioni, wana kadi za kazi. Wote walikuwa wamefundwa na mimi. Wale wenzake waliocheka naye zamani walikuwa wanapungua mmoja mmoja, na waliobaki walikuwa na wajukuu wa kuoza na hawakutaka maneno.

Alichobakiwa nacho ni Zuhura. Kila nilipokwenda alilisema hilohilo, mkono wake juu ya goti langu. "Zuhura akiolewa n'tamfunda mie. Nikishamkabidhi, hata nife kesho, si neno. Kitu kimefika."

Zuhura aliposwa. Alikuwa binti mzuri, anauza simu mjini, anampenda bibi yake, kila Ijumaa anamletea halua. Mama yake ni Saumu, mke wa mtoto wa kiume wa Bi Mwanahamisi. Siku ya kupanga shughuli nilikuwepo. Saumu akataja wapambaji, akataja mpiga picha za video, akataja kinu.

"Kinu cha nini?" Bi Mwanahamisi akauliza.

"Mama, kinu. Cha mila."

"Mila ya nani? Kinu n'likitunga mie! Hapahapa, mkekani hapa, na huyu Roza anakuna nazi!"

Saumu hakubisha. Angebisha ingekuwa nafuu. Alimtazama mama mkwe wake kwa upole, kisha akanigeukia mimi akainua nyusi, kama wanavyofanya watu juu ya kichwa cha mgonjwa. "Mama siku hizi anachanganya," alininong'oneza mlangoni. Nikamwambia hachanganyi, ni kweli tupu. Akanishika mkono. "Ahsante, Mama Roza. Najua unamfariji."

Zuhura naye alimbembeleza. "Bibi, utakaa kiti cha mbele kabisa. Lakini mie peke yangu Tanga nzima nisikalie kinu, watu watasemaje? Watasema sikufundwa."

Bi Mwanahamisi aliniita baada ya wao kutoka.  "Nenda kawaambie wewe. Mie hawan'sikizi. Wewe ndiwe Kidawa."

Jumatano iliyofuata nilikaa shubiri yangu moja na nikafanya ambalo halikuwa kwenye ratiba. Nilisema kwa sauti ya Bi Kidawa kwamba kinu ni mzaha, kwamba tulikitunga ili kuificha siri, kwamba hakuna somo wa kweli aliyewahi kukalisha mwari juu ya kinu. Nikafungua simu.

Wa kwanza, mama wa Horohoro: "Huyo si Bi Kidawa. Mmepachika mtu."

Wa pili: "Mmelipwa na nani mtuvunjie mila? Mwacha asili ni mtumwa!"

Wa tatu, mzee wa Pangani, akaapa kwamba bibi yake alikalia kinu zamani za Mjerumani. Zamani za Mjerumani! Bi Kidawa alikuwa hajazaliwa, wala paka.

Wa nne alikuwa analia. Dada mmoja, hakutaja jina. "Bi Kidawa," alisema, "mama yangu alifariki mwezi mmoja baada ya harusi yangu. Kitu cha mwisho alichonifanyia ni kunizunguka kwenye kile kinu. Sasa unaniambia alikuwa anafanya nini?"  Kweli, wanangu, nilikaa na hedifoni masikioni, taa inawaka, hewani kimya, na sikuwa na neno la Roza wala la Bi Kidawa. Mkuu mpya wa vipindi, aliyekuja baada ya Bwana Mbaruku, akaingiza taarabu.

Hakunifokea. Alisema tu, "Mama Roza, unakiua kipindi." Wiki iliyofuata, kwa maombi ya wasikilizaji, walirudisha kipindi cha zamani, kile cha kinu chenyewe. Nilikisikiliza nyumbani. Nilikuwa nimekisema vizuri mno. Ningekuwa msikilizaji ningeamini.

Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwenye harusi ya Zuhura. Chumba cha ndani kilikuwa kimejaa wanawake, udi unafuka, kinu cha dhahabu katikati, na somo wa kukodi anajaribu kipaza sauti chake. Bi Mwanahamisi alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa leso mpya, mikono mapajani. Nilisimama nikawasalimia nikasema, "Mimi ndiye Bi Kidawa."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akaitoa simu yake akaniinulia ile picha ya bibi wa Komoro. "Bi Kidawa huyu hapa, mama. Wewe umetokea wapi?"

"Redioni. Ni mimi ninayesema. Sikilizeni." Nikawafanyia sauti. Mwanangu we, sikiza nikwambie.

 Kisha mama mmoja mtu mzima akatikisa kichwa. "Unajitahidi. Lakini Bi Kidawa ana uzito. Wewe shingoni una msalaba, dada yangu, huwezi kuwa yeye." Wengine wakaitikia, na mtu akanisogezea kiti na soda, kama mgeni aliyechoka na safari.

Nikamtazama Bi Mwanahamisi anisaidie. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Zuhura, ambaye alishakaa juu ya kinu, amepakwa hina mpaka viwiko, ua jeupe kinywani, machozi yanamlengalenga. Zuhura akalitoa lile ua akasema taratibu, "Bibi, nakuomba. Usiniharibie siku yangu."

Bi Mwanahamisi akainuka. Nilidhani anaondoka. Akamwondoa yule somo wa kukodi kwa mkono, kama unavyosukuma pazia, akaanza kumzunguka mjukuu wake. "Bint Saumu," akasema. Akazunguka. "Bint Saumu." Mguu ulikuwa unamuuma, anashikilia mabega ya wanawake waliokaa chini. "Bint Saumu." Vigelegele vikapasua bati. Saumu alilia, Zuhura alilia, na mimi nililia, na sijui tulikuwa tunalilia kitu kimoja. Video yake ilitazamwa na watu wengi kuliko kipindi chochote tulichowahi kurusha. Chini yake waliandika: asili haipotei.

Nikiwa namrudisha nyumbani nilimuuliza kwa nini. Alinijibu tukiwa tumekaribia kwake. "Ningekataa n'ngempoteza Zuhura na kitu n'singempa," alisema. "Sasa kitu n'mekipoteza, lakini mtoto n'naye. Mji mzima ukijua, na mie peke yangu sijui, basi ndimi mjinga." Zuhura alihamia kwa mumewe wiki ileile. Hawakupata kufungiwa mlango wawili tu, na siku yake ilikuwa imepita.

Bi Mwanahamisi aliugua mvua za vuli zilipoanza. Nilikuwa naye mara kwa mara, namkandia mguu. Siku moja alasiri, akiwa ametulia, niliamua. Nilimwambia, "Somo, kile kitu nipe mimi. Najua si changu, najua mimi ni mtoto wa manamba na Mlutheri. Lakini usiondoke nacho. Sitakisema popote. Nitakaa nacho tu, na Zuhura siku akikitaka nimpe."

 Akaniambia nifunge mlango. Nikafunga. Akaniambia nimnawishe mikono, nikamnawisha. Akaniambia nisogee, nikasogea mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake. 

"Mwari," akasema, "anakalishwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Ua la asumini kinywani. Somo anamzunguka mara tatu."

Nikamwambia, "Somo, hicho ni cha redioni. Nataka chenyewe."

"Ndicho," akasema. Akakirudia tangu mwanzo, neno kwa neno, kwa mapumziko yangu, kwa mpangilio wangu, hata na lile neno la kuwaita wasikilizaji popote walipo, ambalo niliongeza mimi mwenyewe kipindi kilipopungua dakika. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa na utani wowote ambao niliweza kuuona. "Umeshika?" akaniuliza.

Nikasema nimeshika.

Mpaka leo sijui. Labda alikuwa amesahau, na kwenye nafasi ya kile cha bibi yake kilibaki hiki cha kwetu. Labda alikuwa na akili zake zote, na alinifungia nje kwa uzio uleule aliowafungia wengine, kwa kuwa mimi ni mtu wa nje. Nimelipima kila upande, na kila upande linanikatisha tamaa vilevile. Sikupata nafasi ya kuuliza tena.

Msibani kwake nilikaa mkekani na wanawake wa Makorora, tunachambua mchele. Wengi walikuwa vijana. Aliyekaa karibu nami alikuwa mama mwenye sura ya huzuni ya kweli, na alimpenda marehemu, hilo nililiona. "Alikuwa fundi, Mungu amrehemu," aliniambia. "Mwishoni akili zilimchezea, akawa anaikataa mila yake mwenyewe. Lakini alirudi, uliona kwenye video? Alirudi." Akajifuta macho. "Wazee wanatuishia. Alhamdulillahi angalau Bi Kidawa yupo."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya ungo. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Yupo," nikasema.